Keki ya Limau Iliyonukia Sombe

Ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka hadi harufu yake, mwanangu Numbi, na wiki hii imenirudia kwa sababu ya kuku wa mama yako. Juzi asubuhi nilikuja kwenu kuomba chumvi, nikawakuta kuku wanagombania vipande vya njano nyuma ya banda. Nikainama, nikaokota kimoja, nikanusa. Limau. Mama yako akanieleza kwamba ulioka keki, ikapasuka juu, ukaitupa kabla mtu yeyote hajaionja, kisha ukajifungia chumbani. Akaniambia pia kwamba umeapa hutaoka tena, hata kwa komunyo yako ya kwanza, hata kwa nkambo, bibi yako, anayekuja kwa treni kutoka Kabongo ili akuone ukivaa nguo nyeupe.

"Umusemeshe weye," mama yako akaniambia. "Weye njo mwalimu wake wa gato."

Sikuweza. Wewe na mimi tunafanana: tukitaka kusema jambo linalotuuma, machozi hutangulia na maneno hubaki nyuma. Ndiyo maana ninakuandikia. Utanisamehe kwa kujifanya mzee wako na huku nina miaka thelathini na mmoja tu. Lakini mama yako ni dada yangu, na kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Mimi ni mama yako mdogo, kwa hiyo nina haki ya kukupa nasaha hata kama kichwa changu bado hakina mvi. (Ninazo mbili. Nimezitafuta kwenye kioo.)

Sasa sikiliza, mwanangu, maana habari hii inakuhusu ingawa wewe mwenyewe ulikuwa umelala.

Ulikuwa na miezi minne, na ubatizo wako ulipangwa siku ya Jumapili. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa mtu asiyemaliza kitu. Silisemi hili ili unionee huruma. Ndivyo nilivyojulikana katika kambi nzima ya watu wa reli. Nilijifunza kushona: kwenye blauzi yangu ya kwanza mkono mmoja ulizidi mwingine kwa upana wa kidole, nikaifumua, nikaishona, nikaifumua tena, hadi kitambaa kikachakaa nami nikamrudishia fundi mkasi wake. Nilijifunza kusuka nywele: msichana wa kwanza nilimfumua mara tatu kwa sababu mistari haikunyooka, na mara ya nne akaondoka na nusu ya kichwa, akaenda kumalizia kwa mwingine. Nilianza kunakili nyimbo za kwaya kwenye daftari jipya. Kila nilipokosea herufi moja niliuchana ukurasa wote, na mwishowe nikabaki na jalada.

Baba yangu, ambaye ni babu yako, aliendesha treni miaka mingi kabla ya kustaafu, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila nilipoacha jambo aliniangalia juu ya miwani na kusema lilelile:

"Mado, na weye tunaondokaka kila siku. Lakini hatufikake."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda kulia chooni.

Mama yako peke yake ndiye hakucheka. Shangazi yako, dada wa baba yako, alikuwa amejitolea kuagiza keki ya ubatizo kwa mwanamke mmoja wa kule Base, kwenye kambi ya jeshi, mke wa mwanajeshi, ambaye keki zake zilisifiwa mji mzima. Mama yako alimkatalia mbele ya watu wote. "Mudogo wangu njo atafanya," akasema. Nilipomwuliza baadaye kwa nini amenifanyia hivyo, alinijibu kwamba mimi ninampenda mtoto wake, na keki ya yule mama wa Base ni ya kununua.

Kwa hiyo uelewe vizuri kilichokuwa hatarini. Wakwe wa dada yangu walikuwa njiani kutoka Kabongo. Keki ikikosekana, si mimi tu ningeaibika. Yeye ndiye angekaa mbele yao mikono mitupu, baada ya kukataa msaada wa wifi yake. Wewe pia ulihusika, maana ulipewa jina la nkambo wako, mama mzaa baba yako. Kwa desturi yetu yeye ni majina yako, na katika sherehe ya mtoto, majina wake ndiye anayeonja kwanza.

Hakuna aliyewahi kunifundisha kuoka. Nilichokuwa nacho ni ukurasa mmoja wa gazeti la Kifaransa ambao nilifungiwa nao sabuni sokoni. Upande mmoja kulikuwa na picha ya keki ya limau yenye krimu nyeupe juu, imenyooka kama shuka lililopigwa pasi, na chini yake maelezo. Niliyasoma hadi karatasi ikapasuka kwenye mikunjo. Yalisema nyuzi mia na themanini, dakika thelathini na tano. Nyumbani tulikuwa na mbabula, jiko la makaa, na mbabula haina nyuzi. Ina moto mkali, moto wa kiasi, na moto unaokufa.

Ndipo nikamwendea Mama Mwayuma, jirani yetu wa upande wa pili wa ua. Unamjua kama yule mama mkongwe anayekaa kwenye kiti cha kamba mlangoni, lakini wakati ule alikuwa bado anauza vitenge sokoni na sauti yake ilifika kituo cha treni. Watu wake walitoka Maniema kwa biashara kabla baba yangu hajazaliwa, na wakakaa. Siku za Idi alioka keki tano au sita bila jiko lolote la umeme. Alikuwa na sufuria kubwa, imepinda upande mmoja. Ndani yake alimwaga mchanga mkavu kina cha vidole viwili, juu ya mchanga akaweka bati dogo lenye unga uliokorogwa, akafunika, kisha akapanga makaa ya moto juu ya kifuniko. Moto chini, moto juu, keki katikati.

Alinipa sufuria na sharti moja.

"Ukisha kuweka makala juu, usifungue. Hata kidogo."

"Sasa nitajua namna gani kama imeiva?"

"Itanukia. Nikiisikia kwangu, nitakuita."

Jumamosi mchana nilianza. Kikwaruzo nilijitengenezea kwa kopo la nyanya nililolitoboa kwa msumari, nikakwaruza maganda ya malimau ya mti wetu hadi vidole vikawaka. Nilipiga mayai na sukari mpaka mkono ukafa ganzi. Nilichekecha unga mara tatu ingawa ukurasa ulisema mara moja. Nikamimina kila kitu kwenye bati, nikalishusha juu ya mchanga, nikafunika, nikapanga makaa juu kama nilivyoonyeshwa, na nikakaa kwenye kigoda.

Nadhani nilikaa dakika nane. Kisha nikaanza kuwaza. Je, kama makaa ni mengi mno? Je, kama ni machache? Je, kama Mama Mwayuma ana mafua leo na hasikii harufu yoyote? Wazo hilo la mafua ndilo lililonimaliza, mwanangu. Nikachukua koleo, nikainua kifuniko, kidogo tu, upande mmoja. Keki ilikuwa inaumuka vizuri, nyororo, ya njano. Nikafunika. Lakini nilipokuwa nafunika niliona nukta ndogo ya kijivu imeangukia juu yake, nikainua tena ili nihakikishe kama ni jivu. Lilikuwa jivu. Na kwa kuinua nikaangusha mengine.

Nilifungua mara tano. Mara ya tano nilishuhudia kwa macho yangu katikati ya keki ikishuka polepole, kama mtu anayekaa kitini baada ya kazi nzito.

"Mado," ikaja sauti ng'ambo ya ua. "Imeiva. Toa."

Alikuja mwenyewe, akaitazama keki, akakitazama kifuniko, akanitazama mimi.

"Umefungua mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

Aliokota jivu moja kwa ncha ya kidole, akaninyooshea.

"Mara tano," nikasema.

"Njo vile. Makala ilikuwa inaungua, gato ilikuwa inaungua, na weye ulikuwa unaungua. Batatu." Akacheka. "Haiko kitu. Shimo iko nafasi ya krimu. Lala, kesho utaijaza."

Sikulala mapema. Kwanza nilichukua sindano ya kushonea na kuanza kutoa nukta za jivu moja moja, hadi kuku walipoingia bandani. Wewe unaweza kucheka. Najua ungefanya vivyo hivyo.

Jumapili asubuhi wote walikwenda kanisani na wewe ukiwa umefungwa kwa shali jeupe. Mimi niliomba nibaki nitengeneze krimu. Mama Mwayuma alibaki pia, kulinda vyungu. Hiyo ilikuwa desturi ya ua wetu na bado ipo: sisi tukiwa kanisani siku ya sherehe, yeye Mwislamu ndiye anayekaa na wali na nyama yetu isiungue, na wao wakienda kuswali Idi, mama yangu alikuwa akienda kukaa na vyungu vyao. Hakuna aliyewahi kukubaliana jambo hilo. Limekuwa tu.

Ukurasa wangu ulitaka sukari laini kama poda. Sukari ya namna hiyo sikuwahi kuiona Kamina wakati ule, lakini kinu tulikuwa nacho. Ni kilekile unachokijua, kinu cha sombe, kilichotwanga majani ya muhogo ya kulia bukari, yaani ugali, tangu mama yangu alipoolewa. Nilikinusa. Kilikuwa na harufu kidogo. Mtu mwingine angekipangusa kwa kitambaa kikavu na kutwanga sukari yake. Lakini mimi, mwanangu, nilichemsha maji. Nikakimwagia kinu kizima maji ya moto, nikasugua kwa sabuni, nikamwaga mengine, nikasugua kwa chumvi, nikamwaga ya tatu. Nilijisifu moyoni. Kisha, kwa kuwa misa ilikuwa imeshafika katikati, nikatwanga sukari yote iliyokuwa ndani ya nyumba katika kinu ambacho hakijakauka.

Sukari haikuwa poda. Ilianza kuwa poda, ikabadili nia, ikawa tope. Na lile tope lilikuwa kijani.

Halikuwa kijani sana. Ni ile rangi ya sabuni ya mche ikizeeka. Nikajiambia siagi itaifunika. Nikapiga siagi na lile tope, nikakamua limau, nikapiga tena. Siagi ikawa kijani pia. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Mwanzoni ilikuja limau, tamu, kali kidogo, nzuri kabisa. Halafu, nyuma ya limau, taratibu, kama mgeni anayechelewa na bado anaingia, ikaja sombe ya Alhamisi pamoja na kitunguu saumu chake.

Niliipaka hivyohivyo, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilijaza shimo, nikalainisha juu kwa kisu nilichokichovya kwenye maji, nikalainisha pembeni. Ikanyooka. Nakuambia ukweli, sijawahi tena kupaka krimu iliyonyooka namna ile. Nikarudi nyuma kuitazama, upepo ukaingia dirishani, na chumba kizima kikanuka chakula cha mchana.

Kengele ya kanisa ikalia. Nikajua wanatoka.

Nilibeba sahani kwa mikono miwili na kutoka kwa mlango wa nyuma. Mama Mwayuma alikuwa ameketi kati ya vyungu viwili akipepea makaa.

"Unaenda wapi na gato?"

"Kwa bata."

"Bata njo banabatizwa leo?"

Nilianza kulia. Aliinuka, akachukua sahani, akaiweka juu ya kigoda mbali na mikono yangu. Akapitisha kidole pembeni, akaonja. Akaonja tena.

"Iko na sombe," akasema.

"Najua."

"Na kitunguu saumu."

"Najua, mama."

"Uliosha kinu na nini?"

"Maji ya moto. Mara tatu."

Hapo alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikamteremkia shingoni. Alijaribu kuacha, akaitazama ile krimu, akaanza upya. "Mara tatu," alirudia, akijifuta macho. "Mwanangu, weye ulipikia kinu chai. Mti ule umekunywa sombe miaka ishirini na tano. Ukiupa maji ya moto unatoa yote."

Kisha akaacha kucheka na kunivuta mkono nikakaa chini karibu naye. Maneno aliyoniambia nimeyabeba tangu siku ile, na sasa nakupa wewe kama nilivyoyapokea.

"Bantu banatoka kanisa. Bamekaa masaa tatu kwenye benchi, bako na njala. Nani alikuambia sisi tuko bajuge ba kuhukumu gato yako? Weye unatuogopa sana, Mado. Unafikiri tunaamukaka asubuhi kutafuta makosa yako. Minyi nilikupokea na kitenge yangu siku mama yako alikuzaa. Leo nikuchukie juu ya kinu?"

Akageuza nyama kwenye chungu, akanirudia.

"Bon. Ukipatia bata hii gato, yaya yako, mama ya huyu mutoto, ataambia bakwe zake nini?"

Swali hilo lilinikata machozi, mwanangu, kwa aibu. Tangu Jumamosi mchana kichwa changu kilikuwa kimewaza makaa, majivu, mafua, nukta, rangi, na watu watakaocheka. Katika mawazo yote hayo, mama yako hakuwamo. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya wakwe zake kwa ajili yangu, nami nilikuwa tayari kumwacha amesimama palepale peke yake ili mimi nisionekane. Nilikuwa nikijiita mtu anayependa vitu viwe vizuri. Kumbe nilikuwa najipenda mimi.

"Utaiweka kwenye meza," akasema Mama Mwayuma. "Na utasema weye mwenyewe ile ulifanya, mbele mutu aonje. Minyi sitasema. Kinywa yako njo itasema."

Wakafika. Nyumba ikajaa. Wali uliliwa, nyama ikaliwa, wewe ukapitishwa kutoka mikono hadi mikono kama kikapu cha mayai. Shangazi yako aliitazama keki kwa muda, akaitazama tena. Nkambo wako Numbi aliketi kiti cha kati, amejifunga kitenge kipya, na mbele yake ikawekwa sahani tupu ya majina. Mama yako akanipa kisu. Alikuwa anatabasamu, na niliona kwamba tayari alikuwa ameisikia ile harufu.

Nilikishika kisu juu ya keki. Nilisema haraka, nikiitazama meza.

"Mbele munaonja, niko na neno. Katikati ilianguka sababu nilifungua kifuniko mara tano. Ndani kunaweza kuwa na majivu. Na ile kijani haiko limau. Nilitwanga sukari mu kinu ya sombe."

Nje treni ya mizigo ilikuwa inapanga mabehewa yake, na niliyasikia yote yakigongana, moja baada ya jingine.

"Sombe?" akauliza baba yako.

"Sombe," nikasema.

Nkambo wako hakucheka. Alininyooshea sahani yake. Nilimkatia kipande, akakinusa, akakiweka mdomoni, akafumba macho. Alitafuna kwa utaratibu wa mtu anayejua kwamba chumba kizima kinamngoja. Kisha akafungua macho na kumgeukia mama yako.

"Muke wa mutoto wangu."

"Nkambo."

"Bukari iko wapi? Mboga imefika, bukari haijafika."

Nyumba ililipuka kwa vicheko. Baba yako alicheka hadi akalazimika kukupa wewe kwa mtu mwingine. Mama Mwayuma, mlangoni, alikuwa ameshikilia ukuta. Mjomba mmoja alisema kinakosekana samaki mkavu, mwingine akasema pilipili. Na katikati ya kelele hizo nkambo wako alinyoosha sahani yake mara ya pili.

"Wafwako," akaniambia kwa Kiluba, yaani asante. "Ongeza. Upande wa shimo, kule krimu iko mingi."

Sitakudanganya kwamba wote waliipenda. Shangazi yako aliacha nusu ya kipande chake, akaificha chini ya mfupa wa nyama. Mimi niliona, maana mtu kama mimi huona mambo kama hayo. Ajabu ni kwamba haikuniuma. Alikuwa mtu asiyependa keki yangu, basi. Na mama yako, wakati wa kuondoa sahani, aliniegemezea bega lake.

Jioni wageni walipoanza kuaga, baba alinikuta uani nikikoroga majivu ya mbabula. Alikuwa na kipande kwenye karatasi, cha kula baadaye. Alisimama hapo akiniangalia, safari hii kupitia miwani yake, wala si juu yake.

"Mado," akasema. "Leo tumefika."

Akaingia ndani. Hakuwahi kurudia tena lile neno lake la zamani, hadi leo.

Sasa, mwanangu, usidhani nilipona siku ile. Ningekuwa mwongo. Keki ninazowaokea watu wa mji huu kwa harusi na ubatizo, kila moja naikwangua krimu yake mara mbili. Wiki iliyopita niliamka kwenda kuangalia keki iliyokwisha kupoa tangu mchana, nikihofia kwamba imeinama. Haikuwa imeinama. Hofu ile bado inakaa nami. Nimejifunza tu kuiachia kigoda chake, na kisu nakishika mimi.

Nasaha yangu kwako ni hii, na naiandika waziwazi ili usiseme mama mdogo alizungukazunguka. Ukishaweka makaa juu ya kifuniko, nenda ukafanye kazi nyingine. Fagia, soma, kacheze na watoto wa jirani. Keki haikui haraka kwa kuangaliwa. Ikipasuka juu, iache ipasuke; hata zangu hupasuka, na krimu ilibuniwa na mtu ambaye keki yake ilipasuka, mimi nina hakika. Ukikosea, usifiche na usitupe. Sema kosa lako kwa kinywa chako kabla watu hawajaonja, neno moja, bila kulia sana, kisha kata. Ukishalisema wewe, halitakuwa tena na mtu wa kulinong'ona. Na kila utakapotamani kulitupa jambo ulilolianza, jiulize kwanza swali la Mama Mwayuma: ni nani atakayebaki amesimama mikono mitupu nikilitupa? Safari hii ni mwanamke mzee atakayeshuka kwenye treni akiwa na vumbi la njia nzima, akitafuta sahani ya majina.

Ametutumia ujumbe kupitia simu ya mjomba wako. Anauliza kama ile gato ya sombe bado inapikwa. Nimemjibu kwamba fundi wake sasa ni wewe.

Kinu nimekipangusa kwa kitambaa kikavu, na nimekianika juani tangu jana. Malimau yako mtini. Sufuria ya Mama Mwayuma iko mlangoni kwenu, nimeileta na mchanga wake. Yeye mwenyewe anasema pua yake imezeeka na haifiki tena ng'ambo ya ua, kwa hiyo kazi hiyo amenirithisha mimi. Jumamosi nitakaa kwangu. Sitakuja kuchungulia, ingawa unajua jinsi itakavyonitesa. Nikisikia limau, nitakuita jina lako, nawe utatoa.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, na ukitetemeka, akupe watu wenye njaa na kicheko karibu nawe. Awafikishe salama wote wanaosafiri kuja kukuona. Akujalie kumaliza unachokianza, kikiwa kimenyooka au kimepinda, na meza yako isikose kamwe mtu wa kunyoosha sahani mara ya pili.